Mwaka Tuliokatazwa Kuamia Ndege

Mtama ukishatoa masuke, kuna siku chache ambazo punje yake ni laini. Ukiibana kwa ukucha inatoa maji meupe kama maziwa. Siku hizo ndizo ndege wanazozisubiri. Kabla yake hakuna cha kula, na baada yake punje inakuwa ngumu kwa midomo yao. Kwa hiyo katika kijiji chetu, juu kwenye milima ya Fizi, msimu huo hakuna mwanamke aliyekutwa na jua nyumbani. Kunapopambazuka umeshapanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, una debe bovu, una kombeo, na mtoto wako mgongoni. Unapiga debe, unapaza sauti, unarusha mawe; huko ndiko kuamia ndege. Ukishuka jioni, hata kumwita mtu wa nyumba ya pili huwezi, koo limekauka.

Mimi sikuzaliwa huko. Nilizaliwa chini, ukingoni mwa ziwa, upande wa Nundu, na ndege niliowajua ni wale wa kufuata mitumbwi ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mume wangu ndiye aliyenipandisha mlimani. Nakumbuka tulivyotembea tangu Baraka, mji wa ufukweni, mimi nikihema, yeye akiniambia kila baada ya kona kwamba kilima kinachofuata ndicho cha mwisho. Alikuwa mwongo mzuri. Tulipofika, baridi iliniingia kwenye mifupa, na harufu ngeni ikanijia, kama sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi.

Ilikuwa harufu ya miti. Juu ya nyumba za mwisho, mgongo mzima wa mlima ulikuwa msitu wa miti mirefu, magome yake yakichanika marefu marefu kama kamba, majani yake madogo na makali. Katekista mmoja wa zamani aliwaambia wazee kwamba miti hiyo ni ndugu wa mierezi ya Biblia, na jina likabaki. Mbao zake haziozi, mchwa hawazigusi. Kila nguzo pale kijijini ilikuwa ya mwerezi. Na vitunda vyake, vidogo, vya buluu iliyofifia kana kwamba vimepakwa majivu, viliwaleta njiwa wakubwa wa msituni, wenye midomo ya manjano na miguu ya manjano. Walipokuwa wakila, vitunda vilianguka juu ya majani makavu chini, na ungeweza kusimama pale asubuhi nzima ukisikiliza.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mwembamba, mrefu kuliko wanaume wengi wa kijiji. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini shambani alikuwa na sauti ambayo watu wa ng'ambo ya bonde waliitumia kujua kwamba kumekucha. Alinifundisha ndege kama wengine wanavyofundisha wakwe zao kupika. Njiwa, alisema, ni wageni wa msitu, uwaache. Kunguru wa shingo nyeupe ana akili, ukimrushia jiwe leo kesho anakutambua. Lakini minana, wale wadogo wa manjano wanaosuka viota, hao ni wageni wa chungu chako mwenyewe. Hao usiwahurumie.

Vita ilipoanza kutufikia, ilitufikia kwanza kwa habari. Tulisikia ya Makobola, kijiji ambako watu wengi waliuawa, na wanawake waliokuwa na ndugu kule walikaa chini barabarani, pale pale waliposikia. Kisha wanaume wakaanza kupungua. Mwanamume akionekana na upande mmoja alibebeshwa mizigo ya risasi, akionekana na upande wa pili aliulizwa kwa nini alibeba. Mume wangu alikuwa ameshuka Baraka na maharage ya kuuza wakati njia ilipofungwa nyuma yake. Akavuka ziwa pamoja na wengine. Baada ya muda, mchuuzi wa chumvi alituletea salamu zake: yuko hai, yuko upande wa Kigoma, anasema tushuke tumfuate.

Mama mkwe alimsikiliza yule mchuuzi mpaka mwisho, akamshukuru, akampa viazi vya njiani. Kisha akanigeukia.

"Mi siende," alisema. "Mutama nitaachia nani? We uko mutoto ya batu, uko na mutoto mudogo. Ukienda, sitakukamata."

Watu huniuliza mpaka leo kwa nini sikwenda. Wanatarajia nitaje mapenzi, au Mungu. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimelima. Nililima lile shamba nikiwa na mimba, nikalipalilia mtoto akiwa mgongoni. Sikuona kwa nini mtu mwenye bunduki, ambaye hakuwahi kushika jembe pale, awe na haki ya kukaa na mimi ndiye niondoke.

Wenye bunduki walikuja mtama ulipoanza kutoa masuke. Walipiga kambi juu, ndani ya mierezi, kwa sababu ukiwa pale unaona njia ya Fizi, unaona na ziwa kwa mbali. Wakaanza kukata miti kwa ajili ya kuni na vibanda. Moshi wake ulishuka kijijini kila jioni, moshi mtamu, na sisi tuliuchukia utamu wake.

Komanda wao alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyoivaa hata mchana. Alitukusanya kwenye uwanja wa kanisa, wanawake, wazee na watoto, akatusemesha kwa Kiswahili cha mbali.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna ngoma, hakuna debe, hakuna kupaza sauti mashambani. Adui yuko ng'ambo ya mlima. Ninyi mkipiga kelele, yeye anajua tumetoka au tumebaki. Anayepiga kelele ni mpelelezi."

Sitasema kwamba hakuna mtu wa kijiji chetu aliyewahi kupeleka habari ng'ambo. Ilikuwa vita, na vijana wa msituni waliopigana na askari hawa walikuwa watoto wa watu. Lakini debe langu lilikuwa linasema na minana peke yao.

Mama mkwe alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Komanda, na bandege je?"

Askari walicheka. Komanda naye alitabasamu. "Ndege ni wadogo, mama. Watakula kidogo, watawaachia."

Kesho yake tulitii. Ndiyo, tulitii, kila mwanamke katika shamba lake, tukipunga vitenge kimya kimya kama wendawazimu. Mwanzoni minana waliogopa vitenge. Kabla ya adhuhuri walishajua kwamba kitenge hakina jiwe. Wakashuka kundi kwa kundi, masuke yakainama kwa uzito wao, na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwa kuwa siku zote kelele zetu zilikifunika. Nilisikia ndege wakila shamba langu. Ni sauti ndogo, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Nilisimama katikati yake, na maziwa ya mtama yakinidondokea mkononi.

Na wakati sisi tumefungwa midomo, kule juu askari walikuwa wanapiga njiwa risasi. Walichoka kula maharage, wakataka nyama. Mlio mmoja, halafu mwingine, tangu asubuhi. Kila bunduki ilipolia, minana waliruka wote pamoja, wakazunguka hewani, wakarudi. Ikafika mahali jirani yangu akaniambia kwa mnong'ono kwamba anaomba wapige tena.

Jirani huyu alikuwa mwanamke wa Lweba, Mwislamu, aliyeolewa huko juu na kufiwa na mume huko huko. Watu wake walimtaka arudi ziwani. Alikataa, akabaki na ushungi wake na kishamba chake kidogo, akawa rafiki yangu, kwa kuwa sote wawili tulikuwa watoto wa maji tuliopandishwa mlimani.

Siku iliyofuata mama mkwe alisema anakwenda kambini. Hakutuomba tumfuate. Mimi na mwanamke wa Lweba tulimfuata. Tulimkuta Komanda ameketi juu ya kisiki kibichi cha mwerezi, na mbele yake manyoya ya njiwa yametapakaa, ya kijivu na ya zambarau.

Mama mkwe hakupiga magoti. Alisalimia, kisha akasema:

"Komanda, bunduki yenu inalia tangu asubui. Bale benye kuwa ng'ambo habasikie ile? Debe yangu tu njo banasikia?"

"Mama, rudi nyumbani."

"Nyumbani kuko nini? Chungu iko bule, haina kitu. Mutama ikiisha, tutakula nini? Na nyinyi mutakuja kutunyang'anya nini?"

Nilimvuta kitenge. Aliuondoa mkono wangu bila kunitazama.

Komanda alisimama. Sauti yake haikupanda. "Nimesema mara moja. Atakayepaza sauti shambani atachapwa fimbo. Mzee, mtoto, mwanamke, sitaangalia."

"Sawa," mama mkwe alisema. "Fimbo nitakula siku moja. Njaa nitakula mwaka muzima."

Tulishuka. Njiani aliokota unyoya mmoja, akaufuta vumbi, akautupa. Nilitaka kumwuliza kama amesema vile kwa hasira tu. Nilipoona anavyotembea, sikuuliza.

Alfajiri nilimkuta tayari yuko juu ya dungu. Jua lilipotokeza, alifungua kinywa. Sijui nitaielezaje ile sauti. Haikuwa ya kuomba msaada, haikuwa ya kilio. Ilikuwa ile ile ya kila mwaka, ndefu, yenye mkunjo mwishoni, ya kumwambia ndege: hapa pana mwenyewe. Minana waliinuka kama vumbi. Bonde zima likaitika kwa mwangwi, kisha likanyamaza, na katika ule ukimya tukasikia viatu vya askari vikishuka mlimani.

Walimteremsha, wakamlaza ukingoni mwa shamba, wakatuita tutazame. Fimbo zilikuwa za mwerezi, mbichi. Sitazielezea. Nitasema tu kwamba hakulia, na kwamba katikati ya kuchapwa aligeuza uso upande wetu, shavu lake likiwa udongoni, akasema kwa Kibembe, lugha ambayo wale askari hawakuijua:

"Mbona mmesimama? Ndege wamerudi upande wa mto."

Tulitazama. Kweli, walikuwa wamerudi.

Wa kwanza kupaza sauti alikuwa mwanamke wa Lweba, ambaye kishamba chake ndege wangekimaliza kwa asubuhi moja na asingekuwa na la kupigania zaidi. Alivua ushungi, akauzungusha hewani, akapiga yowe ambalo nadhani lilifika kwao ziwani. Askari wawili wakamwacha mama mkwe, wakamkimbilia yeye. Wakati huo huo, ng'ambo ya bonde mwanamke mwingine akaitika, na katika shamba lililo juu ya kanisa mwingine. Milima yetu ni ya ngazi ngazi, shamba juu ya shamba; askari akimkimbilia mmoja inabidi ashuke mpaka mtoni na kupanda tena. Hawakuweza kuwa kila mahali.

Ikawa zamu yangu. Nilipanda dungu na mtoto mgongoni, nikashika debe, nikapiga. Mara ya kwanza fimbo ya kupigia ilinitoka mkononi. Niliiokota. Mtoto akaanza kulia, nami nikafurahi kwamba analia, ikawa kelele juu ya kelele.

Askari mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alikuja akasimama chini yangu.

"Mama, shuka!"

"Panda we mwenyewe unishushe."

Hakupanda. Alishika nguzo, akaitikisa. Akaipiga teke. Nguzo ilikuwa mwerezi, imesimama pale tangu kabla mume wangu hajazaliwa, na haikusogea. Akaipiga teke tena, akaumia, nikaona uso wake ukikunjamana. Nikaendelea kupiga debe. Nilikuwa na hofu, na bado nilipiga, na tangu siku ile simwamini mtu anayesema kwamba jasiri haogopi.

Mchana Komanda alishuka mwenyewe. Alichukua wanawake aliowaona kuwa vichwa, akiwamo mama mkwe aliyeshindwa kuketi, mwanamke wa Lweba, na mimi na mtoto wangu, akatufungia katika stoo ya kanisa. Palikuwa na giza na harufu ya panya. Tulidhani kijiji kitanyamaza. Asubuhi tukasikia debe, mbali, halafu la pili. Waliobaki walikuwa wamepanda madungu yetu. Mle ndani mama mkwe, amelala kifudifudi, alisikiliza kila sauti na kutuambia ni ya nani.

"Ile ni ya kwa fundi. Iko chelewa, lakini iko."

Komanda alitutoa siku ile ile. Nadhani alipiga hesabu yake. Hakuwa na askari wa kutosha kwa wanawake wote na adui pia, na asingeweza kutuua wote na bado akala. Alisema sasa tutaruhusiwa kuamia ndege, ila kwa saa alizozipanga, asubuhi kidogo na jioni kidogo, na kila upande wa bonde utakuwa na askari wa kutuangalia.

"Askari akuje," mama mkwe alisema, akijishikilia kwenye bega langu. "Lakini ya masaa, hapana. Minana habavae saa."

Komanda alimpa mgongo. Kisha akaweka sawa kofia yake, akaondoka. Hakusema ndiyo. Kesho yake tuliamia ndege kuanzia alfajiri mpaka jioni na hakuna aliyekuja na fimbo. Askari wetu aliketi chini ya dungu, akatafuna mabua ya mtama wetu kwa sababu ni matamu. Siku zote hizo hakuokota hata jiwe moja kutusaidia. Hatukumwomba.

Tulivuna pungufu ya nusu ya mwaka wa kawaida. Walikuja kuchukua fungu lao, kama tulivyojua watakuja, na walichukua kubwa. Lakini mbegu nilikuwa nimezishona ndani ya mto wa kulalia mtoto, na askari aliyepekua nyumba aliuinua ule mto, akamtazama mtoto, akaurudisha chini yake.

Baada ya hapo mapigano yalifika juu. Kijiji kiliungua, na mierezi mingi ikaungua pamoja nacho. Tulishuka Baraka usiku na mchana kwa njia za mito, mama mkwe akitembea na mgongo ambao haukuwa umepona vizuri, akikataa kubebewa mzigo. Mwanamke wa Lweba alitufikisha kwa ndugu zake wa pale Baraka, watu wa mitumbwi, wakatupa kona ya ua wao bila kutuuliza sisi ni wa dini gani.

Mama mkwe aliichukia Baraka. Alilalamikia joto, mbu, samaki kila siku. Alikaa ufukweni akiwatazama mwewe na kunguru wakinyakua ndagala zilizoanikwa mchangani, na watoto waliowekwa kuzilinda wakicheza. Siku moja akashindwa kuvumilia, akasimama, akatoa ile sauti yake. Ufukwe mzima uliganda. Mwewe walitawanyika mpaka juu ya maji. Mwenye ndagala, mwanamke mnene mwenye mitumbwi yake mwenyewe, alikuja akamtazama toka juu hadi chini.

"Mama, we unatoka wapi?"

"Juu."

"Unaweza kufanya vile kila siku?"

Kwa hiyo tukala. Alilipwa kwa ndagala, alizozichukia, nasi tulizibadilisha kwa muhogo. Vijana wa ufukweni walimcheka mwanzoni, wakamwiga. Hakujali. Alikuwa na kazi, na hakuwa anamwomba mtu.

Bunduki zilipopungua tulirudi mlimani, si wote. Mume wangu alivuka ziwa akatufuata. Alipofika, alisimama mlangoni mwa kibanda chetu kipya akilia, akijaribu kueleza. Mama yake alimsikiliza, akamwambia kwanza aoge, kisha wakapalilie, majani yamezidi. Mama mkwe aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikufa kitandani kwake, kwa homa, si kwa fimbo ya mtu yeyote, na tulimzika juu, penye mierezi iliyobaki.

Iliyobaki ni michache. Njiwa nao ni wachache, ingawa wapo. Mwaka juzi wafanyabiashara wa mbao walipanda kutoka Baraka na msumeno wa moto, ule wa injini, na baadhi ya wanaume wetu, mume wangu akiwa mmoja wao, walikuwa wameshakubali. Nilisimama kwenye mkutano, mwanamke, mtu wa kuja kutoka ziwani, nikasema miti ile haitakatwa mimi nikiwa hai. Mmoja akasema nina mdomo. Nikamwambia ndiyo, ninao. Wanawake waliokuwa wameketi nyuma wakasimama, na mkutano ukavunjika bila uamuzi, na kwetu mkutano ukivunjika bila uamuzi mti unabaki umesimama.

Wiki hii wale wafanyabiashara wamerudi. Wamefikia nyumba iliyo karibu na kanisa, na mkutano umeitishwa Jumapili baada ya misa. Mume wangu ameniuliza kama ninakusudia kwenda. Nimemwambia anifulie kitenge changu cha kijani nitakachovaa Jumapili, kwa sababu mimi niko shambani mpaka Jumamosi.